Nyekundu ya Dodoma

Jumanne.

Ile divai niliyokuwa naitafuta nimeipata, na kumbe ilikuwa hapa hapa mtaani kwetu Buruburu. Nyekundu ya zabibu za Dodoma, tena bei rahisi.

Msichana wa duka alinicheka. "Mzee, hiyo ya Dodoma hakuna mtu hununua. Si uchukue ya Ulaya?"

Nikamwambia nilimiminia abiria divai kwa treni miaka ishirini, mamake akiwa hajazaliwa. Watu wanadharau zabibu za nchi za joto, lakini jua ndilo huzitia utamu. Hakuna mtu Buruburu yote anajua divai kama mimi.

"Sawa, Mzee wa treni. Ikikushinda usinirudishie."

Haikunishinda. Tone la kwanza tu nikamwona bibi yangu Trufena, vile alionja hii hii niliyomletea kutoka kazini Meri wetu alipozaliwa. Alikunja uso, halafu akasema niongeze.

Sasa mwaka mzima yuko kijijini kwetu Butere. Alitaka tuhamie huko nyumbani, nikakataa, nikasema atarudi mwenyewe. Hajarudi.

Leo nimempigia simu, nikamwambia nimeipata.

"Basi kunywa, Baba Meri. Wewe uko huko, mimi niko huku."

Akakata.

Chupa nimeifunga na kizibo chake. Divai ikishafunguliwa, siku tatu tu inaanza kuwa siki, hilo najua kuliko mtu yeyote. Kwa hivyo kesho asubuhi naenda Butere. Asifikiri nimeshindwa. Ni divai ndiyo haiwezi kungoja.