Parrain wa Mutoto Wangu Aliuzisha Sauti za Bamama

Mpendwa mama Émilienne, weye mwenye kujibu barua za batu, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, juu hapa Bunia kila mutu ninaambia anacheka ao anasema niombe tu. Mimi ni mama wa batoto wawili, nakaa Rwambuzi, na nilianzisha sosiete yangu, kampuni ndogo, ya ile kitu banaita intelligence artificielle, masini yenye kujibu mutu kwa sauti: mama wa soko anauliza ku telefone, kwa kinywa tu bila kuandika, maharagi iko bei gani, barabara ya Mahagi inapitika ao hapana, muhogo wake unaugua nini, na masini inamujibu. Zile za inje zilikuwa zinaongea Kiswahili ya mbali, bamama ba soko ya Mudzipela banacheka, banasema huyu ni nani anatusomea habari. Basi nikaenda mimi mwenyewe sokoni, nikakaa nao meza kwa meza, nikachukua sauti zao, namna banaita bintu, namna banakatala bei, namna banatukana, yote, na masini ikajifunza, ikaanza kuongea kama siye, batu bakaanza kulipa kidogo kidogo.

Mambo ya ordinateri, ya kompyuta, ilikuwa ya Michel, parrain wa binti yangu Ornella. Ni yeye alimushika ku batisimu, mama, sasa ningemuomba kontra, karatasi ya mapatano, namna gani? Mutu anasainisha parrain wa mutoto wake? Hata bwana yangu alisema ni haya. Nikamupa mot de passe, ile neno ya siri ya kufungulia masini, nikamupa sauti zote, kumbe alikuwa anaongea na sosiete moja kubwa ya Kinshasa, akaenda nazo, na leo ile sosiete inatoa masini yake bure, bure kabisa, yenye kuongea sawa na ya kwangu, na nani atanilipa mimi tena? Juma iliyopita Christella, mumoja wa bale bamama, mwenye kuuzisha samaki ya kukausha, alisikia sauti yake mwenyewe inatoka ku telefone ya muteja. Akakuja mpaka kwangu, akakatala kuingia, akaniuliza pale ku mulango: "Jeannine, uliniuzisha?" Nikalia.

Sasa Michel amenipigia, bila haya, ananiita "mama Ornella" kama zamani, anasema bakubwa bake banataka nikuwe responsable, musimamizi wao hapa Ituri, niende Djugu nichukue sauti za kule, juu bamama bananiamini. Mushahara ni muzuri. Bwana yangu anasema kubali, sosiete yako imekufa, unalinda maiti. Nikikatala batoto batakula nini, nikikubali nitapita Mudzipela na uso gani? Niko na hasira. Nifanye nini?

Jeannine, Rwambuzi

*

Mama Ornella, pole. Pole ya kweli. Mutu anashika mutoto wako mbele ya padri, kisha anakubebea kazi yako mgongoni na kukimbia nayo, huyo sitamutetea.

Lakini nimesoma barua yako mara mbili na kuna pahali unaruka. Unasema "nikachukua sauti zao". Uliwaambia bamama sauti zitaenda wapi? Uliwapa nini? Hukuandika, na nafikiri najua juu ya nini. Uliwapa soda moja, kipande cha sabuni, na "Mungu awabariki". Michel alikuibia kile weye ulichukua bila kuuliza vizuri. Hasira yako iko na haki, lakini ni nusu tu, na nusu ingine ni ya Christella.

Na ile haya ya kusainisha parrain! Aka! Tunasainisha mwenye nyumba, tunasainisha mwenye pikipiki, lakini na ndugu tunakunywa soda, tunasema Mungu anaona. Mungu aliona, ndiyo. Avoka, mutu wa sheria, ndiye hakuona kitu.

Djugu usiende. Batu ba kule vita imebachukulia vya kutosha, usiende weye kubachukulia hata sauti. Bwana yako umwambie njaa unaijua, lakini ile mushahara si ya kazi yako, ni ya uso wako, na uso ukiisha batakutupa. Weye unajua kufundisha masini. Kuna mashule, kuna redio, kuna mahopitali hapa hapa Bunia. Wauzishie ile kazi, na sosiete ya kwanza acha ife kama inakufa.

Chukua bamama, muende pamoja kwa avoka, muandikie ile sosiete ya Kinshasa kwamba sauti zitolewe. Majina ikuwe ya bamama, si yako. Pengine haitajibu, andika tu. Na kama siku moja unaanza tena, kila mwenye sauti akuwe na sehemu yake ku karatasi, kabla ya kufungua kinywa. Michel atabaki parrain. Akuje ku komunyo ya Ornella, ale, arudi kwake. Mot de passe hapana.

Lakini kabla ya kwenda kwa avoka, uende kwa Christella. Usipeleke maelezo. Umwambie: sikukuuzisha, lakini nilikuchukua, na aliyekuuzisha nilimufungulia mulango mimi. Kisha unyamaze. Na kama anakatala kukujibu, usishangae: siku alifungua kinywa mbele yako kule sokoni, sauti yake haikurudi nyumbani.