Damu Yangu, Kadi ya Dada

Shangazi mshauri, shikamoo. Sijui kama naomba ushauri au naomba kugombezwa, maana nimejigombeza mwenyewe wiki tatu na haijasaidia.

Mimi ni mkalimani katika kliniki ya huku ugenini, mwaka wa nne sasa, nakaa kati ya daktari na watu wetu, na kinachonichosha kuliko vyote ni kuwashawishi wapime virusi vya Ukimwi, kwa sababu wakiniona tu mlangoni wanageuka, wanasema huyu si yule binti wa kwaya, Jumapili si atatuangalia kwa huruma? Mama mmoja aliniambia usoni, "Mwanangu, sindano siiogopi, nakuogopa wewe." Nimeapa kwamba siri haitoki, nimekasirika, moyoni nimewaita washamba, Mungu anisamehe.

Sasa mchumba wangu akasema kabla ya harusi tupime wote, nikakubali harakaharaka kama mtu asiye na wasiwasi, ila wauguzi ninaokunywa nao chai waone jina langu kwenye kichupa cha damu, hapo nikashindwa, nikapanda treni hadi mji wa pili na kadi ya matibabu ya dada yangu mkobani, kwa kuwa tunafanana na picha yenyewe imefifia, nikapimwa kwa jina lake. Ndiyo, mimi. Mwenye diploma.

Baada ya siku chache dada akanikuta jikoni, mikono imejaa povu. "Mdogo wangu, hebu nisomee, hawa wanataka nini tena?" Lugha ya huku haijui, mimi ndiye macho yake tangu tufike. Barua ilisema kipimo chako kinahitaji kurudiwa, fika bila kuchelewa. Sentensi hiyo naitafsiri kila wiki, najua inaficha nini. Nikamwambia ni mambo ya meno. Akacheka, "Meno yangu yamewakosea nini?" akaibandika kwenye friji.

Shangazi, dada ana mimba ya miezi minne. Jumatatu anaanza kliniki ya wajawazito kwa kadi ileile, na anayempeleka ni shemeji, ambaye lugha anaijua vizuri sana. Nikisema, harusi yangu basi. Nikinyamaza, dada ataulizwa virusi kavitoa wapi, na hana hata la kujibu. Mchumba akiuliza majibu namwambia foleni ni ndefu. Nifanyeje?

Ni mimi, Macho ya Dada

*

Marahaba, Macho ya Dada. Umetaka kugombezwa, basi kaa.

Miaka minne unawaapia watu kwamba siri haitoki, zamu yako ilipofika hukujiamini mwenyewe! Hao unaowaita washamba walikosa nini? Walirudi nyumbani kwao tu. Wewe umekwenda kumwaga damu yako kwenye faili la mjamzito. Unajua anaweza kuandikiwa dawa zisizo zake? Unajua, tena kuliko mimi.

Pole, mwanangu. Najua unaogopa. Lakini uogope huku unatembea.

Kesho asubuhi, si keshokutwa, panda treni ileile na kadi yako mwenyewe, useme ulichofanya. Watakunja uso. Wakunje. Watasahihisha faili la dada kabla ya Jumatatu, na usiondoke mpaka wakuhakikishie hivyo. Kisha wakupime tena, maana kipimo cha kwanza peke yake hakijakuhukumu. Kikithibitishwa, unaanza dawa. Anayezimeza sawasawa hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kitandani, na watoto wazima anazaa. Haya umeyatafsiri mara mia, safari hii yasikie wewe.

Mchumba mwambie leo kwamba umeitwa kurudia kipimo. Foleni yako imeshatosha. Naye akapime, na mpaka majibu yenu yatoke, kondomu. Akikimbia, amekimbia kabla ya kukuvisha pete.

Kazini, waombe mkalimani wa simu, mtu wa mbali asiye na uso wala kwaya, kwa ajili ya yeyote anayekuogopa. Yule mama hakukutukana. Alisema kweli ambayo wewe uliipandia treni.

La mwisho ndilo gumu. Ukirudi kesho, kabla shemeji hajaingia, toa barua kwenye friji, kaa na dada mezani, umsomee neno kwa neno kama unavyowasomea wageni. Atapiga kelele, pengine na kofi juu. Pokea. Halafu mwambie damu ni ya nani.