Kunde Alizopewa Mbuzi

Koboko, 6 Machi 1988

Kwa mkwe wangu Driciru,

Salaam nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nyinyi hapo Arua hamjambo? Mwanangu Kamisi amerudi na lori lake kutoka Zaire, au bado?

Basi, salamu zimekwisha. Sasa nina hasira.

Yale majani ya kunde niliyokausha kwa mikono yangu, na mrenda, yale majani ya kuteleza, na ule mkebe wa simsim ya kusaga, nilimpa kijana wetu Lado akuletee kwa baiskeli. Lado karudi anacheka: "Mama, majani yako mbuzi nakula yote." Mbuzi! Mjukuu wangu Kiden yuko hapo hapo, halafu anayenenepa ni mbuzi?

Na si hilo tu. Lado anasema jua likitua mtoto anapapasa ukuta akitafuta mlango, na nyinyi mnamcheka. Driciru, hilo si jambo la kucheka. Kuku ndiye asiyeona jua likizama, si mtoto wa mtu. Huyo amekosa majani. Mpikie kunde, mtilie simsim, maana majani bila mafuta hayafiki machoni. Maji uliyochemshia usimwage, ndiyo mchuzi wenyewe. Hiyo kabichi yako ya sokoni ni maji yaliyovaa nguo nyeupe.

Nijibu haraka.

Mama yako,
Mariam Poni

*

Arua, 27 Machi 1988

Mama,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Pole na magoti. Kamisi bado yuko njiani. Sisi wazima.

Ndiyo, nilimpa mbuzi. Ukituma tena, nitampa tena.

Vita vilipotufukuza, wewe ulikimbilia Sudan. Huko mlipewa unga na mafuta ya makopo. Mimi nilitoka Ombaci na Lomoro mgongoni, nikaingia Zaire mikono mitupu. Unajua tulikula nini? Majani. Asubuhi majani, jioni majani, bila chumvi, bila chochote. Mzaliwa wangu wa kwanza alikufa mapajani mwangu, tumbo limejaa majani. Nilimzika kwa jembe la kuazima. Siku ile niliapa kwamba Mungu akinipa mtoto mwingine, huyo hataweka jani mdomoni.

Kiden anakula mkate, wali na kabichi, anakunywa chai yenye sukari kama watoto wote wa mjini. Mashavu yake yamejaa. Na wewe unaniandikia habari za kuku!

Hayo ya macho yatapita. Tafadhali, usiniletee tena chakula cha ukimbizi.

Mkwe wako,
Driciru

*

Koboko, 3 Aprili 1988

Driciru mwanangu,

Salaam. Leo sikuulizi habari, maana habari umenipa.

Mlinidanganya. Kamisi aliniambia Lomoro alikufa kwa malaria. Miaka yote hii namwombea mtoto wa malaria! Mimi ni nani hata nifichwe mjukuu wangu alivyokufa? Nimekasirika hata kalamu imetoboa karatasi, angalia.

Lakini sikiliza. Kilichomuua mtoto yule ni njaa. Hapakuwa na unga, hapakuwa na maharage, hapakuwa na mafuta. Jani peke yake lingefanya nini, maskini? Unalishitaki kwa sababu ndilo pekee lililokuwepo. Na wewe ulikula hayo hayo, ukatoka hai.

Mpeleke Kiden hospitali. Leo, si kesho. Nikikosa jibu nitajua umekataa.

Bibi yake Kiden,
Mariam Poni

*

Arua, 19 Juni 1988

Mama,

Hujambo? Magoti je? Kamisi yuko hapa, anakusalimu.

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi miwili bila kujibu. Nilisema, alaa, huyu mama sasa ananifundisha kulea. Basi soma.

Jicho la kushoto la Kiden lilifanya doa jeupe. Tukakimbia naye hospitali. Daktari alimpa dawa, akasema jicho la kulia litapona, hilo la kushoto halitaona tena. Kisha akaniuliza, "Mama, mtoto anakula majani gani?" Nilimtukana. Mbele ya watu wote nilimtukana, nikamwambia majani yameniulia mtoto mmoja tayari. Akaendelea kumpangusa Kiden jicho. Halafu akasema yale yale yako: kunde, mrenda, mafuta kidogo.

Nimepanda kunde nyuma ya nyumba. Nampikia Kiden kila siku kwa karanga, namwekea sahani, halafu natoka nje. Ile harufu siiwezi. Nakaa uani peke yangu mpaka amalize. Jioni hapapasi ukuta tena.

Bado nayachukia, mama. Mtu asije akaniambia nisamehe. Ulisema kweli, na hilo nalo linaniudhi.

Mkwe wako,
Driciru

*

Koboko, 24 Juni 1988

Mwanangu,

Salaam. Nimelia, nimetukana, nimelia tena. Jicho zima la mtoto!

Sitakuambia usamehe. Nakuja wiki ijayo na gari la kwanza litakalonibeba. Nitapika mimi. Kiden akishika sahani, natoka nije nikae na wewe huko uani. Tutawatukana wote waliotufukuza makwetu wakatuachia majani matupu. Tutawataja mmoja mmoja, kwa Kikakwa na kwa Kilugbara, na mtoto ndani aendelee kula.

Mama yako,
Mariam Poni