Lango Fupi la Thimlich

Jumamosi

Kisumu nzima hakuna anayeijua barabara ya ziwa kunishinda mimi, na kuta za mawe za ngome ya kale ya Thimlich zilipangwa na babu zangu. Halafu huyu Omondi, mkwe wetu, eti kwa sababu ametembelea magofu ya Ugiriki, ananiamuru langoni: "Mzee, inama tuingie."

Niiname mbele ya mkwe? Nikamwambia heshima haiinami.

Achieng', mkewe, binti wa kaka yangu, akacheka. "Baba mdogo, si ulituambia ulizaliwa humu ndani?"

Wakaniacha nje saa nzima. Hasira bado ninayo.

Ukweli ni kwamba suruali yangu ilipasuka nyuma asubuhi, tukiwa njiani kwenda, tuliposhuka Kendu Bay kula samaki. Nilitamani sana kuingia.