Neno Alilonong'ona Mama Ndahani

Gulwe, Jumamosi

Akina mama walikuja kwenye sherehe ya shule yetu, lakini wakakataa kuingia darasani. Mbuzi ameiva, watoto wako tayari kuwaimbia, na mama zao wamekaa nje juani! Nilikasirika sana. Kumbe wamesikia kwamba watoto wanaosoma kwangu watafanywa askari wa Wadachi, hawa Wajerumani wa boma. Walikuwa wamekuja kuwachukua.

Mama Ndahani ndiye aliyesimama. "Mwalimu, hayo maandishi yanasema kweli, au watoto wanakariri tu?"

Nikamwambia ajaribu mwenyewe.

Akamnong'oneza mwanawe neno, naye Ndahani akaliandika kwenye kibao. Kisha mama akamwita Masima, mwanafunzi mwingine aliyekuwa mbali akichochea moto. Masima akakitazama kibao, akasoma polepole: "Nyemo."

Yule mama akaketi chini.

"Nyemo ni nani, mama?" nikamuuliza.

"Binti yangu wa kwanza. Nilimzika kabla Ndahani hajazaliwa. Tangu siku ile sijalitamka jina lake mbele ya mtu."

Wote wakaingia, kila mmoja na neno lake la kunong'ona. Nyama ikapoa, hakuna aliyejali. Wala hakuna aliyeondoka na mtoto wake.

Wakati wa kuaga, Mama Ndahani akaniuliza, "Jumatatu na mimi nije?"

Shule hii ni ya wavulana, na bwana mkubwa wa boma akisikia, sijui...

Nimemwambia aje. Nataka sana kujua ataandika nini kwa mkono wake mwenyewe.