Kula Bila Redio

Jumatatu, 2 Juni

Presha imepanda tena. Nesi wa kliniki — msichana mdogo, ningeweza kumzaa — akaniuliza nyumbani nakula na nani. Nikamwambia nakula na redio. Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi akanipa dawa mbili. Moja ya kumeza. Ya pili eti ni hii: nikikaa kula nizime redio, nitafune polepole, nisikie ladha ya kila tonge. Nikimaliza nishukuru kwa kitu kimoja, nikiandike. Eti moyo hutulia mtu akiwepo pale alipo. Kwani mimi niko wapi, binti? Siku zote niko hapa hapa.

Haya. Nashukuru kwa kiti. Nimemaliza.

Jumanne, 3 Juni

Nimezima. Mama yangu! Vyumba viwili tu hivi, vikawa vikubwa kama ukumbi wa harusi watu wameshaondoka.

Nikatafuna polepole kama nilivyoagizwa. Viazi na mchuzi. Sikufika mbali nikaweka kijiko chini. Chumvi! Mchuzi wangu una chumvi ya kukausha ulimi, na sikuwahi kujua. Ni chumvi ya marehemu mume wangu. Kila siku aliniambia: mama, mchuzi umepooza, ongeza. Nikaongeza, nikazoea kuongeza. Ana miaka minne kaburini na mkono wangu bado unamtilia yeye.

Mimi mwenyewe napenda kiasi gani? Sijui. Mtu mzima na mvi zangu, sijui. Nimelia, sahani iko mbele yangu. Leo sishukuru kitu. Nesi anisamehe.

Alhamisi, 5 Juni

Kazini leo wameleta shuka rundo zima. Hospitali hainunui mpya siku hizi, kila iliyochanika inaletwa kwangu na cherehani yangu. Nikamweleza mama wa pasi, mwenzangu wa chumba cha kufulia, habari ya kula kimya. Akashika kiuno. Wewe! Utaanza kusalimiana na sufuria.

Lakini jioni, redio imezimwa, nikasikia. Ng'. Ng'. Kijiko kwenye sahani, ng'ambo ya ukuta. Jirani mpya! Alihamia wakati wa mvua. Mwenye nyumba aliniambia ni mzee mstaafu, kafiwa na mkewe, hana makuu. Sijamtia machoni. Natoka alfajiri, nikirudi mlango wake umefungwa. Kumbe naye anakula peke yake, na meza yake imeegemea ukuta ule ule wa meza yangu.

Nashukuru kwa kijiko cha jirani.

Jumapili, 8 Juni

Binti yangu kapiga simu. Mama, unaendeleaje? Kabla sijajibu mtoto akalia kule, akasema atanipigia baadaye. Baadaye hiyo bado inakuja.

Nimepunguza chumvi. Na — aibu hii naiandika hapa tu — sianzi kula mpaka nisikie kijiko cha ukutani. Akianza, naanza. Akinyamaza kidogo namsubiri, labda anakunywa maji. Uzee huu una mambo! Nashukuru kwa mlo wa watu wawili, hata kama mmoja hajui.

Jumanne, 10 Juni

Kijiko hakikulia. Chakula kimepoa mbele yangu.

Jumatano, 11 Juni

Kimya tena. Nimetega sikio ukutani, mimi ninayewasema wambea! Hata kikohozi sikusikia. Nikatoka hadi mlangoni kwake, nikainua mkono nibishe, nikarudi. Nitasema nini? Kwamba nimekosa kijiko chake? Lakini kama kaanguka mle ndani! Moyo unanidunda, presha yenyewe ndiyo hii. Asubuhi lazima nimwambie mwenye nyumba.

Alhamisi, 12 Juni

Yuko hai! Mwenye nyumba akaniambia asubuhi, mbona jana alikuwa anaanika shati. Na jioni, sijavua hata viatu, hodi. Ndiye. Mzee mrefu, fimbo mkononi, vifungo vya shati kavifunga kombo.

Samahani mama, redio yako imeharibika?

Nikatoa macho. Akaeleza huku anaangalia chini. Yeye hana redio. Tangu ahamie alikuwa anasikiliza yangu, hasa kipindi cha salamu. Akasogeza meza ukutani, akawa anakula huku watu wanasalimiana, anajiona kama yuko na wenzake. Mara ikazimwa. Akangoja, akangoja. Akadhani nimegundua anasikiliza, nimeudhika. Basi juzi akahamishia meza upande wa pili, asinisumbue.

Maskini! Na mimi nikamjibu nini? Nesi kanikataza. Kakukataza redio? Ehee. Akacheka hadi fimbo ikatikisika. Kisha tukasimama, yeye pale, mimi hapa, mlango uko wazi. Nilitakiwa kusema neno moja tu: karibu. Neno hilo namwambia hata muuza sabuni nisiyemtaka! Halikutoka. Nikasema asante kwa kuuliza. Akasema haya, usiku mwema. Nikafunga mlango.

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga. Sijala.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemsimulia mama wa pasi, kaiweka pasi chini kabisa. Wewe mwanamke! Mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe mwenye presha unamfungia mlango! Nikasema watu watasema. Watu gani, akasema, hao wanaokuja kula na wewe kila siku? Sindano ikanichoma kidole.

Sasa mchuzi uko jikoni. Sahani mbili mezani. Redio nimewasha, sauti juu kabisa, salamu zinasomwa. Nesi anisamehe tena. Naandika nimesimama, kukaa siwezi.

Ukuta uko kimya. Nimegonga kwa kijiko. Kimya. Nimegonga tena.

Kiti kimeburutwa kule! Mlango wake. Fimbo hiyo, polepole, koridoni.

Mungu wangu, chumvi sijatia! Miaka yote hii nimejua chumvi ya mtu mmoja. Huyu anapenda kiasi gani? Na mimi je?

Anabisha hodi. Chumvi tutaulizana mezani. Kwanza lile neno.