Ua la Mfaa

Fundi wangu Bakari,

Leo najiamkia na kujiitikia mwenyewe: shikamoo, marahaba Karisa. Nimechoka, Fundi. Umekwenda zako ukaniachia kazi nusu.

Ule mlango wa hoteli ya Bofa uliuacha mbao zote zimejaa nakshi, mfaa peke yake mtupu. Sheria uliiweka wewe: mti ule wa katikati hachongi mtu ila mkuu wa karakana, tena kwa ua lake mwenyewe, ili watu wajue mlango umetoka mkono gani. Sasa mwanao Saidi kanikabidhi patasi yako. "Mkuu ni wewe, ila chonga ua la Baba. Hoteli yataka la Baba. Wakikosa wataagiza Mombasa, nasi tufunge."

Nimejaribu, haki ya Mungu. Nalichonga kwenye vipande vya mbao, nalitazama, nalitupa motoni. Petali zako zilikuwa zikijikunja zenyewe. Zangu zalala tu, kama nazo zimefiwa. Saidi asema hakuna atakayejua. Mimi je?

Wakumbuka ulivyonicheka nilipochonga ua la ufuta, la mashambani kwetu Adu? "Karisa mwanangu, hili lanuka shamba! Liweke, lina siku yake." Mimi nikadhani wanitania.

Basi nimelichonga hilo kwenye mfaa. Watu wa hoteli walikuja, wakatazama, wakaondoka bila mlango. Saidi akaninunia, na simlaumu. Nililia nyuma ya banda, Fundi, mtu mzima na ndevu zangu.

Mkeo Bi Mwanaisha yuko edani, hatoki. Aliposikia akataka mlango uletwe nyumbani. Akaupapasa mfaa kwa vidole, polepole, hata nikaogopa. Kisha akasema, "Hili si la Bakari. Alhamdulillahi. La Bakari asilichonge mtu." Akamwambia Saidi huo ndio uwe mlango wa karakana. Saidi akashika upande wake, nami nikashika wangu, tukaubeba hadi karakana, tukautia.

Kazi mpya haijaja bado. Huenda tukafunga kweli, sijui. Mgongo waniuma na nimekukosa mno, hasa saa ya chai, hakuna wa kunisimanga.

Lala salama, Fundi. Nakuahidi ua lako sitaligusa tena. Na kesho asubuhi, Mungu akipenda, nitafungua ule mlango unaonuka shamba.

Mwanafunzi wako,
Karisa